Tundu Namba Mbili

Shangazi aling'oa karoti tatu, akazifuta udongo kwa upindo wa gauni lake la shambani, akazilaza juu ya ukingo wa tangi la kuoshea. Ya kwanza ilikuwa nyembamba kama penseli. Ya pili ilikuwa na miguu miwili. Ya tatu ilikuwa imeota vinyweleo, na alipoivunja ilitoa mlio wa kijiti kikavu. Mpimaji alizitazama karoti, akatazama daftari lake, akazitazama tena karoti, na vitu hivyo viwili vikakataa katakata kupatana.

Mpimaji huyo watu walimwita Desimali, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ukimuuliza ofisi iko mbali kiasi gani, anakuambia kilomita mbili nukta nne. Ukimuuliza kama chai imekolea sukari, anafikiri kwanza. Aliajiriwa na kamati ya maji, ile inayosimamia mfereji mmoja mrefu wa saruji unaoshuka kutoka lango kuu, kupita mashamba kumi na manne, hadi unapoishia kwenye majani. Ubavuni mwa mfereji kila shamba lina tundu lake: bamba la chuma lililokatwa dirisha la mraba, sentimita kumi kwa kumi, lenye kilango cha kuteremsha na kufuli lake. Kilango kikiinuliwa, maji yanachomoka pembeni na kuingia shambani kwa mtu. Kazi ya Desimali ilikuwa kusema ni maji kiasi gani yanayochomoka, na jambo hilo, dogo kama linavyosikika, ndilo lililotaka kumtoa akili wiki ile.

Tuanzie mwanzo wa msimu, maana huko ndiko alikojichimbia shimo. Kabla ya hapo kamati ilikuwa na desturi moja ya ajabu. Matundu matatu ya juu, namba moja mpaka tatu, yalifunguliwa masaa sita kwa zamu. Mengine yote yalifunguliwa masaa manne. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo ilivyo. Watu wa chini walinung'unika miaka nenda miaka rudi kwamba wa juu wanapendelewa, na wa juu walijibu kwa kunyamaza, kama wanavyojibu wote wanaopendelewa. Ndipo Mwenyekiti mpya, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi pia, alipomwagiza Desimali apime na kuumaliza ugomvi.

Desimali akapima. Alichagua tundu namba tisa, na sababu zake zilikuwa nzuri kabisa. Namba tisa iko mbele ya ofisi. Kuna tangi la kamati pale pale, la kukinga maji. Halafu mfereji mahali hapo unatanuka na kuwa kama kibwawa, maji yametulia tuli, na rula ukiitumbukiza inasomeka hadi milimita. Akakinga maji mara ishirini na sita, kimo hiki na kimo kile, akaandika jedwali safi: maji yakisimama sentimita thelathini juu ya katikati ya tundu, tundu linatoa lita kumi na nne nukta sita kwa sekunde. Kisha akapanda mfereji mzima na rula yake, akasoma kimo kwenye kila tundu, akakuta kote kunalingana au kunakaribiana sana. Mabamba ni yale yale, kimo ni kile kile, basi maji ni yale yale. Wa juu walikuwa wanakula masaa mawili ya bure. Mwenyekiti alilisoma jedwali kwa sauti mkutanoni, watu wa chini wakapiga makofi mpaka mabenchi yakalia, na kuanzia siku hiyo kila tundu likapewa masaa manne.

Namba mbili ilikuwa ya shangazi yake. Dada huyo wa baba yake ndiye aliyemlea tangu darasa la kwanza, ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa kupanga mbegu za maboga juu ya mkeka, na wakati masaa yanakatwa Desimali aliona fahari fulani kwamba hakumpendelea hata mtu wake mwenyewe. Shangazi naye aliona fahari hiyo hiyo. Mwenye namba moja na mwenye namba tatu walipoanza kulalamika kwamba mashamba yanakauka, shangazi aliwakata kauli mbele za watu. Aliwaambia mtoto wake amesoma, amepima kwa rula, na wao walizoea vya kupewa tu.

Sasa ilikuwa Jumatatu, miezi mitatu imepita, na karoti zilikuwa zimelala pale ukingoni.

"Alhamisi kuna mkutano," shangazi alisema. "Nitairudisha kadi yangu. Shamba wampe mtu mwingine kwenye orodha ya wanaosubiri."

Desimali alidhani hakusikia vizuri. Kadi ya uanachama ndiyo shamba lenyewe. Ukiirudisha, wiki inayofuata unamwona mtu mwingine amesimama kwenye matuta yako. Shangazi alikuwa amelilima shamba hilo miaka thelathini na moja, na kati ya hiyo, kumi na miwili alikuwa peke yake, tangu mumewe afariki. Hakuwa na kazi nyingine wala hakutaka nyingine. Desimali akamuuliza kulikoni, kwani si msimu mmoja tu umeharibika?

"Mwanangu, maji umeyapima mwenyewe, yanatosha. Mbegu ni zile zile. Udongo ni ule ule. Kilichopungua ni mimi." Alisema bila uchungu, kama anataja siku ya wiki. "Mtu akishindwa kujua kama amemwagilia au hajamwagilia, amekwisha. Bora niondoke kabla hawajanicheka."

Desimali akaenda zake na daftari kwapani, na njiani alipita ofisi bila kuiona, ikabidi arudi.

Jumanne ndiyo zamu ya namba mbili. Saa moja kamili asubuhi alikuwa amekwisha kufika, amebeba rula, kikokotoo na simu ya kuhesabia muda, amekata shauri kwamba kabla ya jua kupanda atakuwa amempata mwizi. Maana lazima kuna mwizi. Lita kumi na nne nukta sita, kwa masaa manne, ni lita laki mbili na elfu kumi na ushee. Maji mengi hivyo hayapotei kama sindano.

Wa kwanza kumshuku alikuwa mlinzi wa malango, mzee mmoja mkimya aliyeitwa Kufuli, kwa sababu ya funguo zake na kwa sababu ya mdomo wake. Huenda Kufuli alikuwa anafungua kwa kuchelewa na kufunga mapema. Desimali akaketi karibu naye, akamkazia macho. Kufuli alifungua saa moja na sekunde chache, akaketi juu ya jiwe, akatoa kiazi chake cha kuchemsha, akala. Hakuondoka. Saa tano kamili akasimama, akafunga. Alipoona Desimali bado anamkodolea macho, alimpa funguo azikague, kwa kuwa hakujua mwenzake anataka nini kingine.

Mshukiwa wa pili alikuwa bamba. Desimali alilipima tundu juu, chini, kushoto na kulia. Kumi kwa kumi, hakuna kutu, hakuna takataka iliyonasa. Wa tatu ni kimo cha maji. Rula ikasema thelathini, au karibu na hapo, kwa sababu maji ya huku juu yanarukaruka na kuilamba rula, hivyo alisoma mara tano na kuchukua wastani. Thelathini. Wa nne walikuwa fuko. Aliufuata mtaro mdogo wa shangazi kutoka kwenye tundu mpaka kwenye matuta, hatua arobaini, huku amepiga magoti na kuchafua suruali, akakuta mashimo mawili ya fuko na yote mawili ni makavu kama unga.

Basi kila kitu kilikuwa sawa, na matuta manane ya mwisho hayakupata hata tone.

Alisimama pale, tope mpaka magotini, akijikuna kichwa kwa kalamu. Alirudia hesabu, ikatoka ile ile. Akairudia kwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na bado. Sasa jamani, kama maji yameingia, yako wapi? Kama hayakuingia, nani kayazuia, na kwa mkono upi? Akahisi yale yanayompata mtu anayepanda ngazi gizani na kukanyaga kidato ambacho hakipo.

Na hapo, niseme ukweli, ndipo alipoanza kumtazama shangazi yake kwa jicho jingine. Alimwona anatafuta miwani ambayo ilikuwa shingoni. Alimwona anaanza sentensi kuhusu jembe na kuimalizia kuhusu mvua. Alimwona ameelekeza maji kwenye tuta la tatu kabla ya la pili. Mambo hayo shangazi alikuwa ameyafanya maisha yake yote, hata alipokuwa na miaka thelathini, lakini siku hiyo Desimali aliyapanga mstari kama tarakimu na akapata jumla. Labda ni kweli. Labda amezeeka. Wazo hilo lilimwuma, na lililomwuma zaidi ni kwamba lilimpa nafuu, kwa sababu lilikuwa jibu, na yeye alikuwa amechoka kukaa bila jibu. Alijionea haya, lakini hakulifukuza.

Jumatano asubuhi alirudi na mpango wa huruma. Alitaka shangazi angalau aone kwa macho yake kwamba maji yanafika, ili ajue pa kurekebisha. Kwenye kona ya shamba, pembeni kabisa mwa mtaro, kuna lile tangi la kuoshea karoti ambalo marehemu mumewe alilijenga kwa matofali na kulisakafia: mita mbili kwa moja na nusu, kina mita moja. Lita elfu tatu bila nukta yoyote. Akamwomba Kufuli afungue kidogo nje ya zamu, akaelekeza mtaro wote uingie tangini, akamweka shangazi pembeni.

"Tazama, shangazi. Kwa maji haya tangi linajaa kwa dakika tatu na sekunde ishirini na sita. Tatu na nusu, tuseme."

Dakika tatu na nusu zikafika. Maji yalikuwa yamefika kama theluthi mbili za tangi. Desimali akaitazama simu yake kama imemtukana. Dakika nne. Nne na nusu. Tangi lilijaa hadi ukingoni dakika tano zikiwa zimegonga.

Shangazi alikuwa wa kwanza kusema, na alisema haraka, kama mtu anayemfunika mtoto wake mbele ya wageni. Alisema labda tangi linavuja, ni la zamani, saruji imechoka. Desimali akaona hilo linaingia akilini. Wakalizunguka tangi wakipapasa matofali. Makavu. Wakalifungua likaisha, wakajaza tena: dakika tano na sekunde mbili. Shangazi akasema labda ni yeye aliyeziba mtaro kwa mguu bila kujua. Akaombwa akae mbali, akaenda kusimama kule kwenye matuta na mikono nyuma. Mara ya tatu: tano na sekunde moja. Wakaliacha limejaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulifungua tena.

Lita kumi kwa sekunde. Jedwali linasema kumi na nne nukta sita. Karibu theluthi moja ya maji haipo, na haijaibiwa popote, kwa sababu haikutoka kabisa kwenye tundu.

Alishuka mpaka mferejini, akachutama mbele ya bamba, akatazama kwa mara ya kwanza kitu ambacho siku zote alikuwa anakipima. Miezi hiyo yote alikuwa anaitazama rula. Sasa aliyatazama maji. Huku juu mfereji una mteremko mkali, na maji yanakwenda mbio, yamekunjana mgongo. Yakifika kwenye tundu hayageuki. Sehemu ndogo inajipinda na kuchomoka kwa upande, imelala mshazari, imebana ukingo mmoja wa dirisha. Ukingo wa pili unabaki mtupu, unamwagikiwa povu. Tundu ni la sentimita kumi, ndiyo, lakini maji hayalitumii lote. Aliingiza vidole pale kwenye nafasi tupu, vikatoka na unyevu tu.

"Hivi siku zote yanatoka hivi?" akamuuliza Kufuli.

"Siku zote."

"Na kule namba tisa?"

Kufuli alielekeza ufunguo upande wa ofisi. "Kule yanaingia yamenyooka. Kule hayana haraka. Ya huku ni kama mtu aliyechelewa kazini, anapita mlangoni kwako, huwezi kumkaribisha ndani."

Akamuuliza mbona hakuwahi kusema. Kufuli akasema hakuwahi kuulizwa, tena alidhani vitu vyote hivyo vimo kwenye rula.

Havikuwemo. Jedwali zima lilijua kimo cha maji tu. Halikuwa na habari na kasi yake. Alikuwa ameenda kupimia mahali penye maji matulivu kwa sababu maji matulivu yanapimika vizuri, kisha akayatwisha maji yenye mbio hesabu za maji yaliyolala. Desimali aliketi ukingoni mwa mfereji, miguu inaning'inia, akatoa kikokotoo bila hata kujua anakitafutia nini. Lita kumi kwa sekunde kwa masaa sita. Ikatoka laki mbili na elfu kumi na sita. Lita kumi na nne nukta sita kwa masaa manne: laki mbili na elfu kumi, mia mbili na arobaini. Akaziangalia namba hizo mbili zilivyokaa karibu. Ile desturi ya ajabu, ile ya upendeleo, ile aliyoifuta huku akipigiwa makofi, ilikuwa inawapa watu wote maji sawasawa, au karibu sana na sawasawa. Nani aliipanga, na kwa kutazama nini, hakuna aliyejua. Desimali alitaka kucheka na hakuweza.

Alimkimbilia shangazi kwenye matuta na kumweleza yote kwa pamoja, mbio za maji, dirisha nusu tupu, masaa sita. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampangusa tope shavuni, akamwambia aende akapumzike, amefanya kazi sana.

Mkutano wa Alhamisi ulikuwa kwenye ghala la kamati, kati ya magunia ya mbolea na pampu iliyokufa zamani. Shangazi alifika mapema, amevaa viatu vyake vya kutokea. Kabla Desimali hajaweka hata daftari, kadi ilikuwa imeshalala mezani mbele ya Mwenyekiti, imenyooshwa, pembe zake zimekunjuliwa. Desimali akaomba asikilizwe kwanza. Alisimama akaeleza kwamba jedwali lake si sahihi kwa matundu matatu ya juu. Akachanganya namba moja na namba tatu, akarudi nyuma, akachora dirisha ubaoni na mshale uliolala. Watu wa chini walianza kutazamana. Alipotamka masaa sita, mtu mmoja nyuma aliguna kwa sauti.

Mwenyekiti alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. Alisema miezi mitatu jedwali lilikuwa halina dosari. Leo kadi ya shangazi yake iko mezani, na leo hiyo hiyo jedwali linabadilika. Akauliza wajumbe walielewe vipi jambo hilo.

Kwa jinsi Mwenyekiti alivyolipanga, hata Desimali angefikiri hivyo hivyo. Akageuka kumtazama shangazi, akitumaini angalau mtu mmoja ghalani anajua kwamba hasemi uongo. Shangazi alikuwa amesimama.

"Kaa chini, mwanangu," alisema taratibu. "Usiwadanganye watu kwa ajili yangu. Mimi sijakufundisha hivyo."

Desimali hakukaa. Alishika ukingo wa meza. Mtu aliyemlea alikuwa tayari kupoteza shamba ili yeye abaki mkweli, na yeye alikuwa anasema kweli, na hakujua njia yoyote ya kuvifanya vitu hivyo viwili vionane. Miezi mitatu shangazi ameziamini namba zake. Sasa alikuwa anaziamini kuliko aliyeziandika.

Aliyewatoa pale ni Kufuli, ambaye katika mikutano yote ya nyuma hakuwahi kusema zaidi ya "nipo". Alisimama, akatikisa funguo, akasema namba mbili si mbali, na Mwenyekiti ana simu nzuri ya kuhesabia. Baada ya hapo akatoka nje, kana kwamba kikao kimeahirishwa, na watu wakamfuata kwa sababu aliyeshika funguo akitoka, wewe unabaki huna la kufanya.

Walipofika juu walilikuta tangi bado limejaa hadi ukingoni, tangu jana, na nyuki wawili wanaelea. Shangazi aliinama, akagusa maji yalipokutana na saruji. Halikuwa limeshuka hata upana wa kucha. Alibaki ameinama hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wakalimwaga. Mwenyekiti akakunja mikono ya shati lake, akaamuru, Kufuli akafungua. Desimali alisema mbele ya wote kwamba kwa jedwali lake mwenyewe tangi linapaswa kujaa kwa dakika tatu na nusu, kisha akarudi nyuma akasimama kati ya watu, asije akasemwa ameliroga.

Dakika tano na sekunde nne. Mwenyekiti aliitikisa simu, akarudia, akapata tano na moja. Mtu wa namba kumi na mbili, aliyeguna kule ghalani, alishuka mferejini na suruali yake nzuri, akaweka kiganja kwenye ukingo mtupu wa dirisha, akakitoa, akakitazama. Alisema tu kwamba kule kwao maji hayafanyi hivi. Mwenye namba tatu akageuka kwa Desimali na kumuuliza, bila kupandisha sauti, karoti zake za miezi mitatu atazipimaje. Desimali akamwambia kwamba hilo hajui kulipima. Ikakubaliwa hapo hapo ukingoni: masaa sita yarudi, na matundu yote kumi na manne yapimwe upya, kila moja mahali pake. Mwenyekiti akaitoa kadi mfukoni, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili.

Shangazi aliipokea. Akamwita Desimali pembeni, karibu na matuta.

"Kwa hiyo haikuwa mimi."

"Haikuwa wewe, shangazi. Ilikuwa mimi."

Alitikisa kichwa kukubali, akakitikisa tena, akauliza swali lile lile kwa maneno mengine, na akajibiwa vile vile. Halafu akasema ana matuta ya kung'oa.

Jumanne iliyofuata Desimali aliomba ruhusa ofisini, akaenda kumsaidia. Mbegu mpya zilikuwa zimekwisha kupandwa. Kufuli alifungua saa moja, akala kiazi chake. Maji yaliingia mshazari kama kawaida yake, kidogo kidogo, na saa tano hakuna aliyeyafunga. Yakafika tuta la nane, la kumi na mbili, la ishirini. Yakafika yale manane ya mwisho, na udongo uliokuwa umepasuka ukabadilika rangi mbele ya macho yao. Desimali alijisikia raha ambayo hakuwa ameipata tangu mwanzo wa msimu. Aliona kama deni la moyo linashuka tuta kwa tuta.

Ilipokaribia saa saba, Kufuli akainuka juu ya jiwe lake na kuja mpaka kwenye kilango. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya matuta na jembe mkononi, maji yanamzunguka vifundo vya miguu. Zamani, masaa yakikaribia kuisha, yeye ndiye aliyekuwa anapaza sauti kutoka kule chini, funga, imetosha, au acha kidogo, na hakuna aliyewahi kumwona akitazama saa. Sasa alitazama tuta la kwanza, akatazama la mwisho, akageuka.

"Mwanangu," akasema, "imetosha?"

Desimali alifungua daftari. Laki mbili na elfu kumi na sita zilikuwa pale, zimepigiwa mstari. Akalifunga. Akamwambia hajui, akamwambia kazi yake ni kujua yanayoingia tu, na kama yametosha ni yeye shangazi anayejua, siku zote ni yeye aliyejua.

"Wewe unaonaje, shangazi?"

Shangazi aliinama, akachukua udongo, akaufinya, akaufungua mkononi. Akachukua mwingine mbali kidogo na pale. Aliutazama kwa juhudi, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko aliowahi kuujua.

"Ningejua," alisema. "Zamani ningejua."

Kufuli alikuwa ameshika kilango kwa mikono yote miwili, anawatazama mmoja baada ya mwingine, anasubiri aambiwe.